Yai Lililomzidi Israa Umri

Kaeni vizuri, na mwenye chai aendelee kuinywa, maana habari za Israa hazitaki haraka. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa mshona kofia, na kofia ya mkono haiendi mbio: unalaza vitambaa viwili vyeupe kimoja juu ya kingine, unavipiga bandi ili visitambae, kisha sindano inaingia na kutoka, tundu kwa tundu, mpaka ua lionekane. Kofia moja nzuri huweza kula miezi. Israa alijifunza kazi hiyo kwa mamake, Bi Rumaisa, huko Faza, na alipoolewa Kizingitini alihamia nayo, pamoja na kasha la nguo na jina la kuwa na mkono safi.

Mumewe, Faiz, alikuwa mnunuzi wa kamba mawe. Aliwapokea wapiga mbizi ufuoni, akawapima kamba wao mmoja mmoja, akawatia kwenye matenga yaliyozamishwa majini wakae hai mpaka boti ya kuwachukua ifike. Mtu mcheshi, vidole vyake haviishi mikwaruzo. Walipendana, hilo halina shaka. Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili, tangi la maji ya mvua, na paka aliyekatika mkia. Mtoto hawakuwa naye, na ndoa ilikuwa imeingia mwaka wa sita.

Wivu wa Israa, mjue, haukuwa wa kelele. Hakumsema mtu vibaya, hakumtazama mtoto wa mtu jicho la pembeni. Ila alimtambua mwenye mimba kabla mume wa huyo mwanamke hajaambiwa. Alimjua kwa namna anavyoinuka mkekani, mkono mmoja chini, mwingine kiunoni. Na walipokuja kumwagiza kofia ndogo za watoto wa kiume, za kuvishwa siku ya kunyolewa, alizishona vizuri kuliko mtu yeyote Pate nzima, na kila moja aliishona ndogo kidogo tu kuliko alivyopimiwa. Kidogo tu. Ilimkaa mtoto siku hiyo ya sherehe, watu wakaisifu, na baada ya mwezi haikumwingia tena. Hakuna aliyegundua. Walisema watoto wa siku hizi wana vichwa vikubwa.

Basi asubuhi moja mamake akaja kutoka Faza.

Bi Rumaisa alikuwa na miaka arubaini na minne. Aliolewa kigori, akamzaa Israa akiwa na kumi na saba, mume akafa kwa maradhi mtoto akiwa hajaanza chuo cha Kurani. Akamlea Israa kwa sindano, wawili peke yao, sahani moja, shuka moja, hata wakawa wanaugua mafua kwa pamoja. Alikataa waume watatu. Israa alipokwisha kuolewa, ndipo alipomkubali Bwana Abdulqadir, fundi wa mashine za boti, mwanamume wa mvi asiyewahi kuoa, mwenye harufu ya petroli hata siku ya Ijumaa. Israa alimpokea kwa shingo upande, lakini alimpokea.

Siku hiyo Bi Rumaisa alishuka kwenye bodaboda polepole, akamgombeza kijana kwa kumpitisha mashimoni. Kisha akaketi mkekani, mkono mmoja chini, mwingine kiunoni.

Israa aliona. Moyo wake ukakataa kuona.

"Nilidhani nimekoma," Bi Rumaisa alisema. "Miezi mitatu sioni kitu, nikasema haya, nimeshakuwa ajuza. Nikenda kliniki kwa Sista Nerea anipe dawa ya kiungulia. Akanipima mara mbili, hakuamini na yeye. Israa, mwanangu, nna mimba."

"Ya nani?"

Swali lilimtoka hivyo, kabla hajaufunga mdomo. Mamake alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

"Ya Abdulqadir, ya nani mwingine? Una wazimu?"

"Hongera," Israa alisema, kwa sauti ileile aliyowapa wateja wanaochukua kofia zao.

Sindano ilikuwa mkononi. Akashona tundu, na lingine, na lingine, na yote baadaye ilibidi ayafumue kwa kuwa yalikwenda upande. Miaka sita alikuwa akiomba kila sala. Alikuwa na imani, ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba riziki ya watoto katika ukoo ni kama sinia moja: mamake alikula kidogo sana, mtoto mmoja tu, kwa hiyo kilichobaki kimewekewa yeye, Israa, na kitamfikia. Leo mamake amerudi siniani.

Bi Rumaisa hakujua anamwaga chumvi kwenye kidonda. Akaendelea, furaha imempofusha. "Nnataka uje unifunge mkaja. Mama hayuko, Mungu amrehemu, na mimi sina mwingine ila wewe. Ule mkaja wa zamani si unao wewe kashani? Utanifunga nao, kisha utarudi nao, nije nikufunge wewe inshallah."

Mkaja ni ile nguo ndefu anayofungwa mzazi tumboni, siku zote arubaini, tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Siku ya harusi watu wa mume humpa mama wa bibi harusi zawadi, na zawadi hiyo nayo huitwa mkaja, shukrani kwa tumbo lililofungwa. Watu wa Faiz walipoleta ya kwao, Bi Rumaisa alikwenda kabatini akatoa mkaja wake wa kweli, aliofungwa na mamake alipomzaa Israa: kitambaa kizito cheupe chenye mlia wa kahawia ukingoni. Akamtilia Israa kashani. Ulilala humo kwenye karafuu, ukimngojea Israa. Na sasa unatakiwa na aliyekwisha kuutumia.

"Mchwa waliula," Israa alisema.

"Waliula?"

"Masika iliyopita. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Wote?"

"Wote, Mama."

Bi Rumaisa akaipangusa miguu yake mchanga ambao haukuwepo. "Basi. Nguo ni nguo," akasema. Akanywa uji, akaondoka.

Sasa hapo ndipo pa kumtazama Israa vizuri. Mkaja uko kashani, mzima, unanukia. Uongo umekwisha kusemwa, na kasha lenyewe la mbao ngumu, mchwa hata wangetaka wasingepata pa kuanzia. Mamake anaweza kuja siku yoyote akalifungua. Mwongo mwingine angeuchukua ule mkaja akautupa majini, habari ikaisha. Lakini mshona kofia hatupi kitambaa kizuri. Mkono wake hauwezi. Israa akachukua mkasi, akaukata mkaja vipande vya kadiri ya kichwa, akavifanya vitambaa vya ndani vya kofia. Vya juu akaweka vipya. Akavipiga bandi, akaanza kushona. Kwa nje ungeona kofia nyeupe kama kofia zote, mpaka uigeuze ndipo uone mlia wa kahawia ukipita kwenye ukosi.

Habari za mimba ya mtu mzima hazihitaji kupelekwa. Jirani yake Saadiya alizipata na akaja nazo, mtoto mgongoni na mwingine amemshika kanga.

"Shoga, nasikia unapata mdogo."

"Umesikia vizuri."

"Mamako kakupita ndiani na honi hakupiga."

"Na wewe umezaa wanne, hakuna anayejua kupangusa kamasi," Israa alijibu bila kuinua macho. Saadiya akacheka, akampangusa yule wa kanga, akaondoka ameshiba. Israa alishona mpaka shingo ikakakamaa. Hakwenda Faza wiki hiyo, wala iliyofuata. Mamake akipiga simu, yeye ana kazi za watu. Mamake akimwambia mtoto anacheza, yeye anasema mtandao mbaya, haisikiki.

Ikafika Idi. Israa alirudi kutoka kwa mawifi zake akakuta kofia moja haipo pale alipoiacha, kofia ya kwanza ya zile za mkaja, aliyoimaliza jana yake.

"Nimempelekea Bwana Abdulqadir," Faiz alisema, anakula kaimati. "Mkwe hapewi mkono mtupu siku ya Idi. Alifurahi, akaivaa palepale."

Israa aseme nini? Amvue mzee kofia ya Idi? "Umefanya vizuri," akasema.

Mimba ilikua. Presha ya Bi Rumaisa ikaanza kupanda, na Sista Nerea akataka kila akija kliniki awe na mtu wake, asitembee peke yake. Bi Rumaisa akamwomba Israa mara ya kwanza. Israa akasema ana kofia ya mtu anayesafiri. Akamwomba mara ya pili. Jioni hiyo Faiz alikuwa akitengeneza tenga, akasema bila kumtazama:

"Nenda. Na kama hutaki kwenda kwa ajili yake, nenda ukamuulize sista lile swali lako."

"Swali gani?"

"Hilo unaloniuliza mimi kila tukila. Kwa nini yeye na si mimi. Mimi najua kamba tu, Israa. Ukitaka habari za kamba nikwambie."

Akaenda. Pale kliniki Bi Rumaisa alipelekwa chumba cha pili kutoa damu, na Israa akabaki na Nerea. Nerea alikuwa mtu wa upande wa ziwa, alikuja Faza kwa mkataba wa mwaka mmoja akakaa mpaka akawa anagombana sokoni kuhusu bei ya nazi. Alikuwa akimsikia Israa kwa jina tu.

"Wewe ndiye binti? Bi Rumaisa hana hadithi nyingine ila wewe."

Israa akasogea karibu. "Sista, nikuulize. Mamangu alikuwa amekwisha. Hilo yai amelipata wapi?"

"Alikuwa nalo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajazaliwa."

Israa alidhani anafanyiwa mzaha. Nerea akavuta kiti.

"Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku mpaka uzeeni. Sisi sivyo. Mayai yetu yote, kwa kadiri inavyojulikana, hutengenezwa tukiwa bado tumboni mwa mama zetu. Mamilioni. Na humohumo tumboni kila yai linaanza kujigawa. Unajua yai halina budi kupunguza nusu ya zile nyuzi za urithi, kromosomu, ili lipate nafasi ya nusu ya baba. Basi linaanza kazi hiyo. Linazipanga nyuzi mbili mbili, linazishikanisha. Halafu linasimama."

"Linasimama katikati?"

"Katikati kabisa. Linatulia hivyo miaka. Mengi hufa yakingoja. Yanayobaki hungoja mpaka msichana abaleghe, na kila mwezi machache huamka, moja hutangulia, likaendelea pale lilipoishia, likatoka. Na hata hilo halimalizi. Husimama tena, mara ya pili, mpaka mbegu ya mume iliingie. Isipokuja, limepotea."

Israa alitazama mikono yake. Hapo maneno ya Nerea yalianza kuwa kitu anachokijua.

"Ni kama kofia iliyopigwa bandi," akasema polepole, "ikakunjwa na sindano ndani yake."

"Mimi sijui kushona. Lakini endelea."

"Na kwa nini isishonwe siku ileile? Kwa nini iachwe?"

"Kwa sababu likimaliza mapema halina pa kwenda, litakufa. Na likikaa macho likifanya kazi miaka thelathini, litajiunguza lenyewe. Hapo linapongoja limepunguza moto wake, kama makaa uliyoyafukia kwenye jivu. Linakula kidogo, linapumua kidogo. Ndivyo mwanamke anavyobaki na mayai ya kuzalia baada ya miaka yote hiyo. Wakubwa wa sayansi wenyewe bado wanachunguza linavyoweza."

"Lakini bandi hulegea," Israa alisema. "Kofia ikikaa sana kashani, kitambaa unaweza kukikuta kizima, ila ule uzi wa bandi umechoka. Ukianza kushona, vitambaa vinatambaa."

Nerea alimtazama kwa makini zaidi. "Ndiyo hofu yangu kwa mamako. Kile kinachoshikanisha zile nyuzi kiliwekwa zamani, na hakifanywi upya vya kutosha. Kwa umri wake, mara nyingi hulegea, nyuzi zikagawanyika vibaya, mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na hali yake. Huyu mpaka sasa anaendelea vizuri. Lakini tunamwangalia."

Ungefikiri Israa angeogopa kwa ajili ya mamake. Aliogopa, baadaye. Kwanza alifanya hesabu yake ya wivu.

"Kwa hiyo nilipokuwa mimi tumboni, yai la huyu mtoto lilikuwapo."

"Lilikuwapo. Lako na lake yalitengenezwa msimu mmoja, ndani ya nyanyako."

"Basi si mdogo wangu. Hilo yai linanizidi umri. Miaka yote nikijiona niko peke yangu na mamangu, kumbe mwenzangu yuko mle, anangoja."

Nerea alicheka kwa sauti, kisha akaona kwamba Israa hacheki.

"Dada, nikuulize na mimi. Unadhani amekula fungu lako?"

Israa aliinamisha kichwa, na hiyo ikawa ndiyo.

"Hajala. Ya kwake ni yake. Ya kwako yalitengenezwa ulipokuwa tumboni mwake. Yote, hata litakalokuja kuwa mtoto wako, Mungu akipenda, Bi Rumaisa alishalibeba. Alikubeba nayo, akakuzaa nayo. Hakubakisha hata moja kwake."

Mlango ukafunguka, Bi Rumaisa akaingia ameshika pamba mkononi. Nerea akamalizia haraka haraka, kwa sauti ya kazi: kwamba Israa bado kijana, kwamba kukosa mtoto si lazima kuwe ni mayai, huweza kuwa mirija, huweza kuwa mume, na waje wote wawili wapimwe.

"Faiz atakuja," Bi Rumaisa alidakia. "Akikataa nitamvuta kwa ndevu."

Walirudi nyumbani wakitembea kivulini, Israa amebeba mkoba wa mamake. Njia nzima alitaka kusema neno na kila neno lilikuwa kubwa. Alikuwa akifikiria ule mkaja. Tumbo lililofungwa na nguo ile lilikuwa limetoka kumbeba yeye na kila alichokuwa akikililia.

Walipoingia uani, juu ya bakuli lililofudikizwa palikuwa na kofia ya Bwana Abdulqadir, imefuliwa, imetiwa wanga, imegeuzwa nje ndani ili ikauke. Mlia wa kahawia ulikuwa unalitazama jua.

Israa alisimama.

"Mchwa wa Kizingitini ni mafundi," Bi Rumaisa alisema. Alikuwa akifungua buibui yake, mgongo amempa. "Wanakula mkaja, wanashona kofia."

"Mama..."

"Tangu Idi nnajua. Aliivua imeloa jasho, nikaigeuza niifue. Nikasema, Israa atanambia mwenyewe. Siku hizo zote nikipiga simu, nnangoja unambie."

Israa aliichukua ile kofia, akaigeuza upande wa nje.

"Mamangu alinifunga kwa nguo ile," Bi Rumaisa alisema, na sauti yake haikupanda. "Ulikuwa na siku moja. Nilikuwa nalia kwa maumivu, akaniambia nyamaza, wamuamsha mwana. Ungesema tu hutaki kunipa. Ningenuna siku mbili yakaisha. Haya, nimekwisha zungumza na mamake Fawaz, yeye atanifunga. Wewe usijisumbue."

Mamake Fawaz alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mikono, aliyefunga nusu ya wazazi wa mtaa ule. Hakuwa na kosa lolote. Lakini kuanzia siku hiyo Israa hakuwaza mimba ya mamake tena kama alivyokuwa akiiwaza. Alimwaza mamake Fawaz. Akishona, anamwona mamake Fawaz amepiga magoti kitandani. Akipika, anamsikia mamake akimwambia mamake Fawaz, kaza hapa, legeza hapa. Anamwona akimkanda mamake miguu, akimchemshia maji, akiingia na kutoka chumba ambacho yeye Israa alilala mpaka akaolewa. Ule wivu wa kwanza ulikuwa wa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Huu ulikuwa wa kitu alichokuwa nacho akakikata kwa mkasi.

"Sasa unamwonea wivu mamake Fawaz?" Faiz alimuuliza. Alikuwa amekwishakwenda kupimwa kama alivyoamriwa, anangoja majibu, na kungoja kulikuwa kumemfanya mpole kuliko kawaida. "Mwanamke wa watu ana miaka sitini na goti bovu."

"Namwonea."

"Basi nenda kamwambie mamako."

"Amesema nisijisumbue."

"Na wewe tangu lini ukaambiwa kitu na mamako ukasikia?"

Bwana Abdulqadir alipiga simu adhuhuri, siku ya Jumatano. Alikuwa akilia, na kwa kuwa alikuwa akilia Israa hakuelewa kama ni kheri au shari mpaka alipomsikia Nerea nyuma akisema mpe simu mimi. Mtoto wa kike. Amezaliwa salama, amelia mwenyewe, vidole vyote vipo. Mama amechoka, presha inashuka. Wangewaruhusu kesho.

Kesho yake Israa alifika nyumbani Faza kabla ya jua kupanda sana, akawakuta wamefika. Chumbani mlikuwa na harufu ya udi na ya mafuta ya nazi. Bi Rumaisa alikuwa kitandani, uso umepungua, na mamake Fawaz ameshika nguo mpya ya mkaja, anaikunjua ncha.

"Niachie mimi," Israa alisema mlangoni, hata salamu hakutoa.

Mamake Fawaz aligeuka. "Waalaikumu salamu. Mamako kaniomba mimi."

"Mimi aliniomba kwanza."

"Akaja akaniomba mimi mwisho. La mwisho ndilo."

"Msigombane juu yangu kama mko bombani," Bi Rumaisa alisema, macho ameyafumba. "Israa. Mwambie mamake Fawaz nani aliyekula mkaja wangu."

Hilo lilikuwa zito, ndugu zangu. Kumwambia mama peke yake ni jambo moja. Kumwambia mamake Fawaz ni kulitangaza kutoka Faza mpaka Lamu, na litafika Kizingitini kabla yeye hajafika, Saadiya atakuwa anamngoja mlangoni. Israa alimtazama yule mwanamke na ile nguo mkononi mwake.

"Ni mimi," akasema. "Niliukata kwa mkasi. Nilikuonea wivu, Mama. Nilidhani umechukua changu. Na hata sasa sijaacha kukuonea, nisikudanganye. Nikimsikia akilia huko nje kifua chaniwaka. Lakini nataka nikufunge mimi. Sitaki mtu mwingine akushike."

Mamake Fawaz alikuwa ameacha mdomo wazi. Bi Rumaisa alifumbua macho, akamtazama bintiye kitambo, kama mtu anayekagua kofia iliyoletwa na mwanafunzi, akitafuta tundu lililokwenda upande.

"Ndoo," akasema, akampungia mkono aje.

Israa akapanda kitandani. Mamake Fawaz alimwachia nguo, ila hakuondoka. Alijiketisha kwenye kiti kutoa maoni. Akasema anza chini. Akasema usiruke. Nerea naye alikuwa ameonya wasimkaze sana, na Israa alifunga kwa woga, tumbo la mamake laini chini ya vidole kama unga uliokandwa.

"Kaza," Bi Rumaisa alisema. "Sivunjiki."

"Sista kasema tusikaze."

"Kaza kidogo. Usinionee huruma leo, hujanionea miezi yote."

"Unamfunga kama tenga la kamba," mamake Fawaz alisema.

"Nimeolewa na mwenye matenga."

Bi Rumaisa akacheka, akaguna kwa maumivu, akamwambia anyamaze. Israa alipofunga fundo la mwisho alibaki ameliwekea kiganja. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyapangusa kwa kuwa mkono ulikuwa na kazi.

Kisha Bwana Abdulqadir akaingia na mtoto, akiwa amemshika mbali na kifua kama mashine inayovuja mafuta. Hakujua ampe nani. Israa akanyoosha mikono.

Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alikuwa na uso wa Abdulqadir, maskini, na vidole vyembamba vya mshonaji. Israa alimtazama tumbo dogo likipanda na kushuka ndani ya kanga, na akakumbuka: humo mlikuwa na mayai yake yote tayari, yamekwisha kuanza, yamekwisha kusimama. Yalikuwa mengi, mengi kuliko ya Israa, ambaye ya kwake yamekuwa yakipungua kila mwaka aliokuwa akihesabu. Wivu ukamchoma palepale, mpya kabisa.

"Hata wewe umenizidi," akamnong'oneza.

Mtoto alipiga chafya.

"Haya, nipe nimwogeshe," mamake Fawaz alisema, akainuka na goti lake, mikono mbele.

"Ngoja kwanza," Israa alisema, akamgeuzia mgongo.